Kunywa, Halafu Sema

Dirisha la dawa lilikuwa na kufuli mbili, na wagonjwa walisema kufuli ya tatu ni mwanamke aliyekaa nyuma yake. Ndiyo maana wakamwita Kufuli. Jina hilo alilijua, na usishangae, lilimpendeza. Kufuli haibembelezwi wala haihongwi.

Dawa yenyewe ilikuwa ya maji, ya kuwasaidia watu kuacha unga, yaani heroini. Kila asubuhi foleni ilijipanga uani mwa kliniki, mtu akafika dirishani, akapimiwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, akanywa mbele ya macho ya Kufuli. Akishakunywa alitakiwa aseme neno, neno lolote lile, ili ijulikane amemeza na hakuificha dawa shavuni kwenda kuiuza nje. Hiyo ilikuwa kanuni ya kliniki, na ilikuwa na akili yake. Ila Kufuli aliitia chumvi. Kwake neno lolote halikutosha. Mtu alitakiwa aseme "Asante, Sista," tena kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni, na aliyenung'unika alirudishwa nyuma akapange upya.

"Mimi si mama yenu," alikuwa akiwaambia. "Kunywa, sema, ondoka."

Katika foleni hiyo alikuwamo mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, ambaye nyumbani walimwita Kitinda tangu anyolewe nywele za utotoni. Enzi za unga, Kitinda aliibeba cherehani ya marehemu baba yao na kwenda kuiuza. Cherehani hiyo ndiyo iliyowasomesha wote wawili. Kufuli angeweza kusamehe matusi, angeweza kusamehe hata kupigwa. Cherehani alishindwa. Kwa hiyo mdogo wake alipofika dirishani alimpimia kama anavyompimia mtu baki, na Kitinda alikunywa, akaangalia ukuta, akasema "Asante, Sista," akaenda zake. Neno "dada" lilikuwa halijapita kati yao siku nyingi.

Kulikuwa na kanuni nyingine. Kila mgonjwa alitakiwa awe na mdhamini, yaani ndugu mwenye makazi yanayojulikana, wa kusema kwamba huyu ni wetu na analala kwetu. Asiye na mdhamini hapewi dawa. Kitinda alilala chumba cha uani kwa mama yao, na aliyemdhamini ni Mjomba, kaka yake mama, mzee aliyestaafu kufundisha udereva lakini hakustaafu kukaripia. Kufuli alishaapa kwamba yeye hatamdhamini hata dunia ipinduke. Na sasa alitaka zaidi ya hapo. Alitaka Kitinda atoke kwa mama. Alikuwa ameshaitisha kikao cha familia, kifanyike Jumapili, na hoja zake alizipanga vizuri: huyu mtoto anatoka toka bila kuaga, anapokea simu kwa kunong'ona, ukimuuliza anakokwenda anakwambia "nakuja sasa hivi." Wanaoacha unga hawana siri za namna hiyo, alisema. Wenye siri ni wale waliorudia.

Wiki ya kikao ndiyo wiki ambayo mkuu wa kliniki alileta balaa lake.

Mkuu alikuwa daktari mwenye sauti ya upole, na Kufuli hakuiamini sauti ya upole mahali pa kazi. Aliwakusanya watumishi akasema wagonjwa wamelalamika kuhusu lugha inayotumika dirishani. Hakumtazama mtu. Waliobaki wote walimtazama Kufuli.

"Kwa hiyo tutafanya zoezi," alisema mkuu. "Mpaka Jumapili jioni, kila mmoja wenu ataishi kama mraibu."

Zoezi lilikuwa hivi. Kila mtumishi alipewa kisimu kidogo cha zamani na kikombe cha kupimia dawa. Simu ikilia, saa yoyote, unaacha ulichoshika na kwenda mahali utakapoelekezwa, ukanywe maji ya shubiri kwenye kikombe chako. Ukichelewa hupewi, na badala yake unavaa sweta zito la sufu na kutia punje za mahindi makavu ndani ya viatu, ushinde navyo hadi simu ilie tena. Hiyo ndiyo ilikuwa arosto yao ya kuigiza, mateso ya mwili uliokosa unga. Na kanuni kubwa kuliko zote: ni marufuku kumwambia mtu wa nje unafanya nini, hata mume, hata mzazi. Asiyemaliza zoezi, mkuu alisema kwa upole uleule, atahamishiwa stoo ya mashuka.

Kufuli aliwaza stoo ile, giza lake na harufu ya sabuni, na dirisha lake likikaliwa na mtu mwingine. "Tutacheza basi," alisema. "Wakubwa wakikosa kazi, wadogo tunachezeshwa."

Mgawaji wa shubiri alikuwa Kijiko. Huyu alikuwa mgonjwa wa zamani, aliyepona na kuajiriwa kuwasaidia wenzake, na kabla ya kupona Kufuli alimfungia dirisha usoni mara nyingi tu, mara moja huku mvua ikinyesha. Sasa Kijiko alikaa anapotaka, leo nyuma ya soko la nguo, kesho gereji, na Kufuli alimfuata huko akihema.

"Umechelewa," Kijiko alimwambia siku ya kwanza, akiwa amekaa juu ya tairi.

"Nimekimbia, hunioni?"

"Nakuona. Umechelewa. Vaa sweta."

"Kijiko, usinitanie."

"Mimi si mama yako," alisema Kijiko.

Siku iliyofuata aliwahi. Shubiri ilimkaa kooni, machozi yakamtoka, akageuka aondoke.

"Sema," Kijiko alimwambia.

"Niseme nini? Nimemeza."

"Unalijua neno. Sema mpaka fundi wa kule mwisho asikie."

Mafundi wa gereji waliinua vichwa. Kufuli alisema "Asante, Kaka," na alipokuwa anatoka alimchukia Kijiko kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote anayemdai heshima. Mkuki kwa nguruwe, wenyewe wamesema. Lakini ukidhani hapo ndipo moyo ulipolainika, humjui Kufuli. Kesho yake dirishani alikuwa mkali mara mbili. Alikuwa amechelewa tena wito wa alfajiri, mahindi yakamchoma nyayo, na kila aliyesimama mbele yake alimwona ndiye aliyeyatia mle.

Nyumbani mambo yaliharibika kwa haraka. Simu ililia akiwa jikoni, akaacha maharage motoni, yakaungua mpaka sufuria ikatupwa. Mumewe, mtu wa maneno machache, alimuuliza alikuwa wapi.

"Kwa jirani, nimefuata chumvi."

"Chumvi si hii hapa?"

"Nilifuata na habari zake."

Uongo ulimtoka umeshaiva, hakuutafuta. Jambo hilo lilimshangaza kidogo, halafu halikumshangaza tena. Alianza kulala na simu chini ya mto. Alianza kukaa karibu na milango. Watu wakizungumza alisikia nusu tu, nusu nyingine aliisikilizia simu, na mtoto wake alipomsomea shairi la shule alimwambia "vizuri sana" kabla mtoto hajafika katikati. Alikasirika kwamba anaguswa na upuuzi kama huu, akaikasirikia na hasira yenyewe.

Jumapili ikafika, siku ya kikao na siku ya mwisho ya zoezi. Asubuhi alikosa wito kwa kuwa alikuwa kibarazani akimsikiliza mama mkwe, asingeweza kumkatisha. Kwa hiyo alifika kwa mama yake akiwa amevaa sweta la sufu kwenye jua la kupasua mawe, akichechemea, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

"Mwanangu, unaumwa?" mama alimuuliza.

"Nina homa tu, mama. Tuendelee."

Walikaa sebuleni. Mama kwenye kochi lake, Mjomba kwenye kiti cha mbao kwa kuwa alisema makochi yanalegeza mgongo, Kitinda kwenye kigoda karibu na mlango, mikono katikati ya magoti. Mjomba alifungua kikao kama anayeanza somo la barabarani.

"Tumeitwa hapa na huyu dada mtu. Ana malalamiko. Sema, binti yangu, kikulacho ki nguoni mwako."

Kufuli akasema. Alisema vizuri, maana chuki humpa mtu ufasaha. "Mtu mzima anatoka bila kuaga. Ana simu ya kunong'ona. Anatoka jasho bila sababu. Ukimuuliza, uongo unamtoka kama mate. Mjomba, mimi ndiyo kazi yangu, nawajua hawa."

"Nanong'ona kwa sababu mama analala mchana," alisema Kitinda. "Natoka kwa sababu fundi rangi akiniita kibarua naenda. Nikisema naenda kazini mnacheka."

"Unaona?" Kufuli alimwambia Mjomba. "Majibu yako tayari."

Hapo kisimu kikalia ndani ya pochi yake.

Alisimama kabla hajajua kwamba amesimama. "Nakuja sasa hivi," alisema, na akatoka akichechemea. Kijiko alikuwa gereji, mtaa wa pili. Alikunywa, akasema neno, akavua sweta akalishindilia pochini, akamwaga mahindi, akarudi akinuka shubiri. Kitinda alikuwa anamtazama. Hakumtazama kwa ubaya. Alimtazama kwa namna ambayo Kufuli hakuipenda hata kidogo, akianzia machoni, akashuka hadi mikononi, na akabaki hapo mikononi.

"Ulikwenda wapi?" Mjomba aliuliza.

"Kwa jirani, kufuata... dawa ya homa."

"Jirani gani?"

"Mjomba, mnanijadili mimi au huyu?"

"Homa gani hiyo inakufanya uvae sweta, kisha uvue, kisha ukimbie?" Mjomba alinyoosha mkono akaichukua pochi kabla hajaiwahi. Mtu aliyefundisha watu kushika usukani ana mikono myepesi. Alitoa kisimu, akakiweka mezani. Akatoa sweta lililoloa jasho. Akatoa kikombe cha plastiki chenye michirizi ya kimiminika cha kahawia, akakinusa, akakunja uso. Kila mtu mle ndani alikijua kikombe kile. Mama alikuwa amekiona mikononi mwa wauguzi siku alipompeleka Kitinda kwa mara ya kwanza.

"Na wewe?" alisema Mjomba polepole. "Na wewe pia?"

Ilihitajika sentensi moja tu. Ni zoezi la kazini, Mjomba, tumeagizwa. Basi, kikao kingeishia kwenye kicheko. Kufuli alifungua kinywa, na mbele ya sentensi ile akaiona stoo ya mashuka.

"Ni vyangu," alisema Kitinda.

Wote waligeuka.

"Simu ni yangu, kikombe ni changu. Nilimpa anishikie. Anatoka kunipelekea ujumbe kwa watu wangu. Nilimlazimisha." Aliyasema haya akiangalia sakafu, kwa sauti ileile aliyosemea "Asante, Sista," na yalimtoka bila kukwama hata kidogo. "Mwacheni."

Mama alianza kulia. Mjomba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimwambia Kitinda kwamba kuharibika peke yake ilikuwa haitoshi, sasa anamburuta na dada yake mwenye kazi na watoto. Alimwambia afungashe sasa hivi. Alimwambia udhamini umekwisha, kesho asubuhi anapiga simu kliniki kujitoa, na asilione tena geti hili.

Na katikati ya maneno hayo kisimu kikalia tena pale mezani, kikitetemeka na kusogea kuelekea ukingoni.

Wito wa mwisho. Kufuli alikitazama. Alimtazama mdogo wake, aliyekuwa bado kwenye kigoda. Akajiambia nitasema nikirudi, ni dakika chache tu, nikirudi nitasema yote na zoezi litakuwa limekwisha. Akakinyakua kisimu na kikombe, akatoka mbio. Nyuma yake alimsikia mama akimwita kwa jina la utotoni. Hakugeuka.

Alipokunywa na kurudi, mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi. Nguo za Kitinda hazikuwepo, na Mjomba alikuwa ameshaondoka. Mama alikuwa amejifungia chumbani na hakufungua.

Asubuhi yake mkuu aliwauliza watumishi wamejifunza nini. Mpokezi wa mafaili alisema amejifunza huruma. Mtu wa maabara alisema amejifunza kusikiliza. Walipigiana makofi na kila mmoja akapewa cheti. Kufuli alipokea chake akasema ameelewa, na mkuu akampa na taarifa nyingine: mdhamini wa mgonjwa fulani amepiga simu kujitoa, kwa hiyo asipimiwe. Kufuli aliweka cheti kwenye droo ya vikombe, akafungua dirisha.

Kitinda alifika akiwa na vumbi la rangi kwenye nywele. Alikuwa amelala kwenye jengo wanalolipaka. Kufuli hakugusa chupa.

"Mjomba amejitoa," alisema.

"Najua. Sikuja kunywa." Aliinamia dirisha, sauti yake ikawa ya chini na kali. "Tangu lini unajipimia mwenyewe, Dada?"

Neno lile lilimpiga.

"Mimi sikupendi," alisema Kitinda. "Nimelala chini kwa ajili yako na bado sikupendi, nataka ujue hilo. Lakini ukijipimia mwenyewe utakufa, nimewaona. Nimekushikia nafasi." Alionyesha nyuma yake. Kwenye foleni, kati ya mama mmoja mwenye khanga na kijana mwenye mkongojo, kulikuwa na mwanya, na pale chini palikuwa na tofali. "Mwambie mtu mwingine akae hapo dirishani. Njoo upange. Nitasimama na wewe."

"Kitinda, lilikuwa zoezi."

"Nini?"

"Zoezi la kazini. Simu, kikombe, vyote. Tuliambiwa tujifanye. Nilikunywa shubiri. Tulikatazwa kusema."

Kufuli alimwona akielewa, kidogo kidogo, kutoka paji la uso kushuka chini, na alitamani dirisha lifungwe na mtu mwingine kwa nje.

"Mlikuwa mnacheza," alisema Kitinda. "Mmenichezea mimi mpaka nimetolewa nyumbani. Na ulikuwepo. Ulikuwa umekaa palepale."

"Nilitaka kusema nikirudi."

"Hata mimi cherehani nilitaka kuirudisha," alisema Kitinda.

Kufuli alitoa simu yake halisi, akampigia Mjomba, akaweka sauti ya kusikika nje. Alimweleza yote, kuanzia mkuu mpaka mahindi ya viatuni. Alieleza haraka haraka, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akidanganya.

Mjomba alimwacha amalize. "Binti yangu," alisema, "ndivyo mnavyosema nyote."

"Nina cheti, Mjomba!"

"Hata mdogo wako alikuwa na vyeti. Kapumzike. Tutakutafutia msaada."

"Mjomba, anasema kweli," Kitinda alipaza sauti kupitia dirishani.

"Na wewe ndiye shahidi?" alisema Mjomba, akakata.

Walibaki wakitazamana, waongo wawili wa nyumba moja. Yule kijana mwenye mkongojo alicheka, mama mwenye khanga akampiga kiwiko.

Kufuli alivuta kikombe kutoka kwenye droo, juu ya cheti chake. Akapima dawa. Akakisukuma kikombe chini ya wavu.

"Sina mdhamini," alisema Kitinda.

"Unaye. Analala mtaa wa nne, ana chumba cha watoto chenye kitanda kimoja cha ziada, na mume wake hajaambiwa bado. Kunywa."

"Mdhamini nani?"

"Unanisikia. Kunywa kabla sijabadili mawazo."

Kitinda alikitazama kikombe kama mtu anayetaka kukimwaga. Pengine alitaka. Halafu akanywa, akakiweka chini, akafunga mdomo, akakaa kimya. Foleni ikasubiri. Kanuni ilikuwa kanuni, asiyesema hajameza, na walio nyuma walikuwa wanajua ni maneno gani yanayotakiwa na kwa sauti ya kufika wapi.

"Sema," alisema Kufuli.

Safari hii Kitinda hakuangalia ukuta, alimtazama dada yake usoni.

"Mshenzi wewe," alisema Kitinda, na ilisikika mpaka getini.

"Umemeza," alisema Kufuli. Akachukua kikombe kingine. "Anayefuata."